Saa Hii Yako ni ya Wapi?

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Nilipokuwa shule ya msingi huko Likoni, nilifundishwa kuwa methali hii ni wosia kuhusu adabu za ugenini. Sikujua kwamba siku moja ingenijia nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta usiku wa manane, nikitafuta sababu ya kina mama wapatao 30 kuamshwa alfajiri bila haja. Kisa hicho ndicho ninachotaka kumsimulia msomaji wa jarida letu, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalijua vyema, ila hatujui kwamba tunalijua.

Nianze na jina, maana jina lenyewe limeniletea taabu. Jambo ninalolizungumzia naliita kigeu cha mazingira. Neno kigeu tumelipata katika hisabati, nalo mazingira ni neno la kila siku. Hata hivyo, nilipomwarifu mwanachama mwenzangu kuwa naandika makala kuhusu vigeu vya mazingira, alinipongeza kwa dhati, kisha akaniuliza kama nimegusia mikoko ya hori la Tudor na taka zinazotupwa baharini. Sikumlaumu. Istilahi isiyozoeleka ni mgeni asiyejulikana ukoo wake. Kila mtu humdhania ni jamaa wa yule anayefanana naye.

Basi nieleze. Programu ya kompyuta inapoanza kuendeshwa, hukabidhiwa orodha fupi ya majina na thamani zake. Jina moja laweza kuwa LANG, na thamani yake ni lugha ya mtumiaji; jingine ni TZ, na thamani yake ni majira ya saa ya mahali. Orodha hiyo haimo ndani ya msimbo wa programu. Huwekwa nje, nayo programu huikuta tayari, mithili ya mtu aingiaye nyumba ngeni akakuta kalenda ukutani na ufunguo msumarini. Utaratibu huu si wa jana: ulianzishwa katika toleo la saba la mfumo wa Unix, lililotoka katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka wa 1979. Nayo programu-jalizi ni programu ndogo isiyojitegemea, inayopachikwa ndani ya programu kubwa ili kuiongezea kazi. Wanaosoma sintaksia hawatashangazwa na neno hili, kwani wanakijua kijalizo, na wanajua kuwa kijalizo hakina maisha nje ya sentensi iliyokibeba.

Sasa nirudi kwetu. Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha kupokezana, kile ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita upatu. Wanachama wake walijuana zamani wakifanya biashara katika soko la Kongowea, kisha maisha yakawatawanya katika pande tatu za bara zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa: wengine Likoni upande wa kusini, wengine Kisauni upande wa kaskazini, wengine Changamwe upande wa magharibi. Kukutana kwao ni safari. Wa Likoni huvuka kwa feri hadi kisiwani, wakapanda matatu na kuvuka tena daraja la Nyali. Wa Changamwe huingilia Makupa. Kwa hiyo habari ya mkutano, siku yake na saa yake, si jambo la mzaha kwao. Mtu hupanga nauli, hupanga wa kumwachia wajukuu, na hupanga wa kumshikia biashara.

Mama alikuwa akiwapigia simu mmoja mmoja, na salio lake lilikuwa likiteketea. Nami nilikuwa nimejifunza lugha ya Python kidogo, si darasani bali kwa kujisomea wakati wa likizo. Chama kilikuwa kimeanza kutumia programu huria ya kuweka hesabu, iliyowekwa katika seva ya kukodi iliyoko Ulaya. Programu hiyo ilikuwa na nafasi ya kupokea programu-jalizi. Nikajitolea kuunda moja ambayo ingesoma tarehe ya mkutano kutoka kwenye hesabu, itunge arafa kwa Kiswahili fasaha, na kuwatumia wanachama wote. Mama alifurahi. Aliwaambia wenzake kuwa mwanawe anayesomea Kiswahili chuo kikuu amewatengenezea mtambo. Kauli hiyo ndiyo iliyonifunga, kwani tangu hapo heshima iliyokuwa rehani haikuwa yangu pekee.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la ufunguo. Ili kutuma arafa, mtu hununua salio kwa mtoa huduma, akapewa ufunguo, yaani mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu unaomtambulisha. Mimi niliuandika ufunguo wa chama ndani ya msimbo wenyewe, mstari wa tano, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa pepesi. Baada ya wiki chache, swahiba wangu wa Kisauni akaniomba nakala ya programu-jalizi ile aitumie katika timu yao ya kandanda. Nikamnakilia kwenye flashi kwa moyo mkunjufu. Siku ya tatu Mama akaniuliza kwa nini salio la arafa limekwisha, ilhali mkutano haujatangazwa. Kumbe vijana wa mpira walikuwa wakiitana mazoezini kwa fedha za kina mama, na kila arafa ilifika ikiwa na jina la chama chetu. Swahiba wangu hakuwa mwizi, hakujua lolote. Mimi ndiye niliyempa nyumba pamoja na ufunguo wake uliojengewa ukutani. Nililipa shilingi 1,800 kutoka mfukoni mwangu, na somo likaniingia.

Mwaka wa 2011 wahandisi wa Heroku, kampuni ya Marekani, walitangaza kanuni 12 za kuunda programu za mtandaoni, na kanuni ya tatu inahusu jambo hili hili: kila kinachobadilika kutoka mahali pamoja hadi pengine kiwekwe katika mazingira, kisiandikwe katika msimbo. Kipimo chao ni rahisi. Jiulize: je, naweza kuutoa msimbo huu hadharani sasa hivi, watu wote wausome, bila siri ya mtu kufichuka? Msimbo wangu ulikuwa umeanguka mtihani huo. Nikaufuta mstari wa tano, na mahali pake nikaiagiza programu-jalizi iulize mazingira: je, kuna kigeu kiitwacho CHAMA_UFUNGUO? Kama kipo, chukua thamani yake. Kama hakipo, simama na useme hakipo. Tangu hapo swahiba wangu akawa na ufunguo wake, nasi wetu, na msimbo ukawa mmoja.

Nilidhani nimehitimu. Kumbe kosa kubwa lilikuwa bado linanisubiri.

Mwezi mmoja, mkutano ulihamishwa kwa sababu ya harusi. Mwenyekiti akaingiza tarehe mpya katika hesabu: Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwa mwanachama mmoja huko Mlaleo, Kisauni. Arafa zikatumwa. Zilisema hivi: mkutano ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Mama alipoisoma alishangaa kidogo, nami pia nikashangaa, lakini sote tulidhani mwenyekiti ameamua kuwawahisha watu kabla ya shughuli za harusi. Siku hiyo tulitoka nyumbani baada tu ya sala ya alfajiri. Feri ilikuwa imejaa wachukuzi na wafanyakazi wa zamu. Tulifika Mlaleo, mlango ulikuwa umefungwa, na mwenye nyumba alikuwa bado hajaamka. Barazani tulimkuta Bi mkubwa mmoja aliyetoka Magongo, Changamwe, amejifunika leso, ameketi peke yake, hata chai hajanywa.

Wengine walikuja mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyetoa neno baya. Kina mama wa kwetu wana stahamala. Lakini nilimsikia mmoja akiuliza kwa sauti ya chini kama hesabu za pesa nazo huwekwa na mtambo huo huo. Mama aliinamisha kichwa. Alikuwa mweka hazina kwa miaka mingi, na daftari lake halijawahi kupungua hata shilingi moja. Hapo ndipo Bi mkubwa aliponigeukia.

“Mwanangu,” akaniambia kwa upole, “saa hii yako ni ya wapi?”

“Ni ya papa hapa, Bi mkubwa,” nikamjibu.

“Basi mbona sisi wa hapa hatuijui?”

Sikuwa na jibu. Wakati huo sikujua kuwa Bi mkubwa alikuwa ameuliza swali la kiufundi, tena lile lile lililopasa kuulizwa. Siku hiyo chama kiliazimia kurudi kwenye daftari na simu kwa muda, hadi nitakapoonyesha kuwa mtambo umepona.

Usiku ule nilikaa na kipakatalishi changu nikalifuata kosa. Programu-jalizi ilikuwa ikipata wakati wa mkutano, kisha inausoma kwa saa ya mashine ilimo, halafu inapunguza sita ili kupata saa ya Kiswahili. Sote tunajua hesabu hii: saa za mchana za Mswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo saa kumi ya Kizungu asubuhi ni saa nne kwetu. Katika kipakatalishi changu Likoni, kumi ikitolewa sita ilibaki nne, na nilipofanya majaribio sikuona ila. Lakini seva kule Ulaya ilikuwa imewekwa katika majira ya saa ya ulimwengu, ambayo yapo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Huko, wakati ule ule ulisomeka kuwa saa saba. Saba ukitoa sita, hubaki moja. Programu-jalizi haikukosea hesabu. Ilikosea nyumba. Mimi nilikuwa nimeichukua saa ya chumbani mwangu nikaidhania kuwa saa ya dunia, ingawa sikuiandika popote. Ufunguo niliuandika ndani ya msimbo, na huo angalau ulionekana. Saa niliifanya dhana, na dhana haionekani hata mtu akiusoma msimbo mara kumi.

Kwa haraka ya kuondoa aibu, nilifanya kosa la tatu. Niliiagiza programu-jalizi ibadilishe kigeu TZ kiwe Africa/Nairobi, jina linalotumika kwa Kenya nzima, kwani Mombasa haina jina lake katika orodha hiyo ya majira. Nilipojaribu, arafa ilisema saa nne. Nikashangilia. Baada ya siku mbili, Mama alinionyesha stakabadhi za michango: kulikuwa na pengo la saa tatu kati ya zilizoandikwa kabla na baada ya marekebisho yangu. Programu-jalizi, msomaji, haina nyumba yake. Huishi ndani ya programu iliyoikaribisha, na mazingira wanayotumia ni yale yale. Nilipokibadilisha kigeu TZ kwa ajili ya arafa zangu, nilikibadilisha pia kwa ajili ya daftari la mwenyeji. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wangu mimi alifika, akasogeza saa ya ukutani, na mwenyeji akaugua.

Dawa yake, nilipoipata, ilikuwa ya adabu zaidi kuliko ya werevu. Nilikiacha kigeu TZ kama kilivyo, mali ya mwenyeji. Nikaweka kigeu changu mwenyewe, CHAMA_MAJIRA, chenye jina lililotanguliwa na neno la chama ili kisigongane na cha mtu mwingine. Programu-jalizi husoma thamani yake na kuitumia katika hesabu zake tu. Kigeu kikikosekana, haikisii. Hukataa kutuma arafa na kueleza ni kitu gani kimekosekana. Arafa isiyotumwa humfanya mtu aulize. Arafa yenye saa isiyo sahihi humfanya mtu avuke feri.

Nilijifunza pia mengine madogo ambayo yanafaa kutajwa. Thamani ya kigeu cha mazingira daima ni maandishi. Niliwahi kuweka kigeu CHAMA_JARIBIO chenye thamani ya “hapana”, nikitaka arafa zitumwe kwa kweli, lakini hazikutumwa. Msimbo wangu ulikuwa ukiuliza tu kama kigeu kina neno ndani yake, na “hapana” nalo ni neno. Aidha, programu ikizaa programu nyingine, mwana hupewa nakala ya mazingira ya mzazi. Anaweza kuyabadilisha yaliyo yake na kuwarithisha wanawe, lakini hawezi kuyabadilisha ya mzazi. Isitoshe, mazingira si kasha la chuma. Kila programu-jalizi inayoishi katika nyumba ile ile inaweza kusoma orodha yote. Hivyo, anayeweka ufunguo wake humo hana budi kuchunguza ni wageni gani wengine wamekaribishwa.

Nilisema mwanzoni kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalijua jambo hili. Siku moja nikiwa darasani, mhadhiri wetu alikuwa akifundisha alomofu. Aliandika ubaoni: mtu, mwalimu, muumini. Kiambishi ni kimoja, akasema, lakini umbo lake hutegemea mazingira yake. Kikikutana na konsonanti huwa m-, kikikutana na irabu a huwa mw-, na kikikutana na u hubaki mu-. Akaendelea na nyumba nzuri, nyumba mbaya, nyumba ndefu. Kalamu ikaniponyoka. Kiambishi hakibebi umbo lake tayari kutoka nyumbani. Hufika penye mzizi, kikauliza kimekutana na nani, ndipo kikavaa umbo linalopasa. Lau kiambishi kingelazimisha umbo moja kila mahali, tungesema “mualimu” na “nrefu”, na hakuna mzawa wa lugha ambaye angeturuhusu kupita bila kicheko. Nilikuwa nimetafuta istilahi kwa miezi, kumbe neno mazingira, kwa maana ile ile niliyoihitaji, lilikuwa limelala katika daftari langu la mofolojia tangu mwaka wa kwanza.

Fauka ya hayo, historia ya lugha yetu katika kompyuta imesimama juu ya vigeu hivi. Mwaka wa 2004, wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice, lililoitwa Jambo. Katika mifumo ya jamii ya Linux, programu iliyotafsiriwa haiandikwi upya kwa kila lugha. Maneno ya lugha mbalimbali huwekwa katika mafaili yake, nayo programu hutazama kigeu LANG ili kujua izungumze na nani kwa lugha gani. Thamani sw_KE humaanisha Kiswahili cha Kenya, na sw_TZ Kiswahili cha Tanzania. Lugha ni moja, lakini shilingi ni mbili. Nilipolielewa hilo, niliziondoa sentensi za arafa kutoka kwenye msimbo na kuziweka katika faili lake. Anayetaka “chama” apate chama, na anayetaka “upatu” apate upatu, bila yeyote kumwona mwenzake kuwa amepotoka.

Hata thamani hizo mbili hazitoshi, na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wanisaidie kufikiri. Kwetu Mombasa, mtu wa Jomvu, jirani ya Changamwe, ana Kijomvu chake. Na mzee wa Kimvita husema ndia anapomaanisha njia, na mato anapomaanisha macho. Mashine inayojua sw_KE peke yake haimjui mzee huyo. Sidai kwamba kila kitongoji kiwe na kigeu chake. Ninachodai ni kwamba anayeunda chombo cha kusema na watu akumbuke kuwa Kiswahili anachokisikia kichwani mwake kina mahali kilikotoka, kama vile saa yangu ilivyokuwa na mahali ilikotoka.

Ni kwa sababu hiyo naamini kazi hii haipaswi kuachiwa wanafunzi wa kompyuta pekee. Wao wanajua jinsi ya kuweka kigeu na jinsi ya kukisoma. Sisi ndio tuliofundishwa kuuliza nani anasema, na nani, wapi, lini na kwa rejista gani. Isimujamii tunayoifanyia mitihani kisha tukaisahau ina kazi nje ya chumba cha mtihani. Ningependa kuona wanachama wetu wakiketi pamoja na wenzao wa vitivo vya sayansi, wakiunda na kuhakiki programu ndogo ndogo za kuwafaa watu wa mitaani kwao, na kukubaliana kuhusu istilahi wakiwa kazini badala ya kuzibuni kwa upweke.

Chama cha Mama kiliurudia mtambo baada ya miezi miwili. Katika mkutano wa kwanza ulioitishwa kwa arafa, Bi mkubwa wa Magongo alifika saa nne kasorobo, akaketi barazani pale pale, akaitoa simu yake na kunionyesha ujumbe. Ulisema saa nne. Alitazama jua, akanitazama mimi, kisha akamwambia Mama kwa sauti iliyosikika na wote:

“Leo saa ya mwanao ni ya hapa.”

Mama hakusema neno. Alifungua daftari lake, ambalo bado halimbanduki hata leo, akaanza kupokea michango.